Siaja Aliyerudi Akamkuta Siaja

Nilizaliwa nichukue nafasi ya mtu aliyekufa, ila mtu mwenyewe hakuwa amekufa. Alikuwa kalazwa huko kusini, hospitali ya kifua kikuu, na hakuna aliyeona haja ya kutuambia. Ndiyo maana kijijini kwetu, huku kaskazini kwenye barafu, tuko akina Siaja wawili, yeye mkubwa na mimi mdogo, na tunaitana wajina. Niseme mapema kwamba nasimulia nikiwa na hasira. Anayetaka hadithi ya upole amtafute mwingine.

Wajina wangu ni mtoto wa mama mkubwa Qaunaq, dada yake mama yangu. Wajina ni mwanamke mfupi, mpana, mikono yake haijui kutulia. Anashona viatu vya ngozi ya sili, yule mnyama wa baharini, na wawindaji wanasema ukivaa vyake unaweza kusimama kwenye maji ya barafu ukapiga soga. Bingo ya redioni haimpiti, na mtangazaji akikosea namba humtukana kama vile wamekaa meza moja. Akicheka hushika ubavu wa kushoto. Huko kusini walimtoa mbavu kadhaa, hawakumuuliza yeye wala mzazi wake. Akiulizwa husema, "Zipo kwa wazungu. Nadhani walichemshia supu."

Enzi zile meli ya serikali ilikuja kila kiangazi na mashine ya eksirei. Watu wa kambi zote za uwindaji walipandishwa, wakapigwa picha ya kifua, wenye kifua safi wakashushwa. Wenye doa hawakushushwa tena, hata kuja ufukweni kuaga wenzao. Siaja alikuwa mtoto wa kung'oka meno ya mbele. Mama mkubwa Qaunaq alikwishapimwa na kushushwa, akakaa ufukweni anachemsha chai huku akimsubiri mwanawe, mara akaona meli inageuka. Aliikimbilia mpaka miamba ilipoishia. Na huo ugonjwa haukuwa wetu. Uliletwa na wavua nyangumi na wafanyabiashara wao, ukatukuta hatuujui, ukatufyeka. Walituletea wao, kisha wakaja kututoa sisi kama vile sisi ndio uchafu.

Majira ya baridi yakapita, yakaja mengine, hakuna habari. Meli ilirudi na wengine, yeye hakuwemo. Mama mkubwa akiuliza, wanapandisha mabega. Halafu akaota ndoto. Akamwona Siaja amesimama mlangoni anaomba maji ya kunywa. Kwetu hakuna asiyejua maana yake: marehemu akikujia ndotoni na kiu, anaomba mwili wa kurudia. Anataka jina lake apewe mtoto. Mama yangu wakati huo alikuwa na mimba yangu. Basi wakalia, wakamaliza, nilipozaliwa nikaitwa Siaja.

Na jina kwetu si la kuitia tu. Mwenye jina ndiye mwenyewe amerudi. Mama mkubwa aliniita "binti yangu" tangu siku ya kwanza, nami nilipojua kusema nikamwita mama. Mama yangu mzazi aliniita "mtoto wa dada." Kipande kitamu cha nyama kilikuja kwangu, kwa sababu Siaja alikipenda. Nilipoogopa sauti ya injini, watu wazima walitazamana, wakasema unaona, anaikumbuka meli.

Nilikuwa natembea kwa kuyumbayumba meli ilipomshusha. Mimi sikumbuki, nimesimuliwa na wote waliokuwepo, na hakuna aliyesimulia bila kugeuza uso. Alishuka mtoto mwembamba, nywele zimekatwa juu ya masikio, kavaa gauni na viatu vya kufunga kamba. Lugha yetu ilikuwa imemtoka yote. Mama mkubwa alimtazama, akaita kwa sauti, "Siaja!" Yule mtoto akageuka, maana jina lake ndilo neno pekee alilobakiza. Na mimi nikageuka, nikaenda mbio na miguu yangu mibovu, nikafika kwanza. Mama mkubwa akaniinua, mazoea tu. Yule mwingine akasimama pale pale na kifurushi chake.

Jina likishatolewa halirudishwi, na hakuna aliyejua sheria ya jambo kama hili. Wazee walikaa, wakasema basi wawe wawili. Kusema ni rahisi. Mama mkubwa alimpenda, nani asiyempenda mwanawe, lakini alikwisha kumlilia akamaliza, na machozi yakishamalizwa yule aliyerudi anakaa kama mgeni. Kwa muda mrefu wajina wangu alilala karibu na mlango. Alijifunza lugha upya kutoka kwangu, mimi mdogo wake, tukikosea pamoja. Ndipo tulipopendana. Angeweza kunichukia, na nisingemlaumu.

Tulipokuwa watu wazima aliniambia habari ya ile ndoto. Tulikuwa tunakwangua ngozi. Akasema, "Mama hakukosea kuota. Kweli nilikuwa na kiu. Walitufunga kitandani kwa mikanda tusitembeetembee, maji yalikuja wakitaka wao. Nilimwomba mama maji kila siku."

Nilimwuliza kama alimweleza mama hilo.

"Nimweleze ili iweje? Aone alinisikia akanizika?"

Akaendelea kukwangua ngozi. Kutoka hapo alikula kiapo, na kijiji kizima kilikijua: hataondoka tena. Meno yalimuuma akang'olewa hapa hapa kwa koleo. Mumewe alikufia kusini kwa figo, hakwenda hata kumuaga, na hilo lilimtafuna. "Nikifa," alisema, "nifie kwenye kelele za wajukuu."

Kelele zilikuwepo, tena za kutosha. Serikali ilipotutoa makambini ilituahidi nyumba kwa kila familia. Zilikuja za kuhesabu kwa vidole, watu wakazaana, nyumba hazikuzaana. Kwa wajina wangu wanalala kwa zamu, wengine mchana, wengine usiku, na ukungu unapanda ukutani. Mjukuu wake Leetia alijifungua mtoto wa kike humo humo, akampa jina Qaunaq, la marehemu mama mkubwa. Mnaelewa sasa. Wajina wangu, mwanamke mwenye vitukuu, alipata mama. Alimbeba kwenye koti la kubebea watoto, kichwa kidogo kinachungulia begani, anazunguka naye dukani. Mtu akimwuliza anakwenda wapi anajibu, "Namtembeza mama. Anapenda kuona bei zinavyopanda." Mtoto akilia humwambia, "Nipo mama, siendi popote." Sijawahi kumwona na raha kama ile.

Halafu akaanza kukohoa.

Mimi ni mkalimani wa zahanati. Manesi wanatoka kusini, wanakaa kidogo, wanaondoka, mimi nabaki. Kifua kikuu kilikuwa kimerudi, nyumba hii na ile, na nilijua kikohozi cha kuvuta kinavyolia. Nikamwendea. Familia ilikuwa sakafuni imezunguka sili aliyechunwa juu ya maboksi, naye amekaa na kisu chake chenye umbo la mwezi mchanga, anakata ini.

"Wajina, hicho kikohozi," nikasema.

"Kikohozi gani? Ni kicheko kimekosea njia."

"Kinatoka na damu?"

"Mdomo umejaa ini bichi, nitajuaje damu ya nani?" Watu wakacheka. Alipomaliza kucheka akakohoa mpaka akaweka kisu chini.

"Nenda ukapimwe," nikamwambia.

"Wanakulipa kwa kila kichwa unachowapelekea siku hizi?"

"Kuna mtoto mchanga humu ndani."

Hapo aliacha utani. Akamtazama Qaunaq mdogo, aliyekuwa mapajani mwa Leetia ananyonya kipande cha mafuta. Akasema, "Mimi wakiniona doa watanipandisha kwenye kitu. Zamani meli, leo ndege. Usinizungushe."

Nikarudi kwa nesi. Wakati ule alikuwa Karin, msichana mchangamfu, anavaa herini za ngozi ya sili tulizomshonea. Nikamweleza yote, meli, mikanda, mbavu. Machozi yalimlengalenga. Akasema siku hizi mambo ni tofauti, vidonge vinamezwa nyumbani, yeye mwenyewe atampelekea jikoni kila asubuhi. Hakuna atakayesafirishwa. Akaweka mkono kifuani. "Nakuahidi," akasema.

Nilimwamini. Kwa nini nisingemwamini? Nikazibeba ahadi zile mpaka kwa wajina wangu. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Hayo anasema nesi au unasema wewe?"

"Nasema mimi."

"Basi twende. Nikidanganywa na jina langu mwenyewe nitakuwa nimejidanganya."

Akaja. Akapigwa picha, akakohoa kwenye kikopo, akamchokoza Karin kwamba herini zake zimeshonwa na mtu mwenye makengeza. Watu wote wa nyumba ile wakapimwa pia. Vipimo vilikwenda kusini, kila kitu chetu kinakwenda kusini, na kabla majibu hayajarudi mkataba wa Karin ukaisha. Alituaga kwa kutukumbatia. Akaja mwingine, Trevor, mtu wa makamo, mpole wa sauti, hajui hata choo kiko wapi.

Majibu yaliporudi Trevor aliniita. Siaja ana kifua kikuu kinachoambukiza. Mtoto Qaunaq naye kimemwingia, na kwa umri wake kinaweza kupanda kichwani. Wote wawili waende kusini kwa ndege ijayo. Nikamwambia tumeahidiwa vidonge vya nyumbani. Akapekua kompyuta, akasema hilo halimo.

"Nesi Karin alisema."

"Yuko likizo. Na hata angekuwepo, nyumba yenyewe imejaa sana. Hawezi kutengwa mle ndani."

Nilitaka kumrushia kiti. Nyumba wanajenga wao, wanajenga chache, kisha uchache wake ndio unatuhukumu! Na huyu niliyetaka kumrushia kiti hakuniahidi chochote. Ndivyo wanavyofanya: anayeahidi haonekani siku ya kutimiza, na anayekuja hakuwepo siku ya kuahidi. Unabaki unatukana ukuta.

Jioni ile ile mwanangu Jaypeti alisikia, akajaza mafuta kwenye pikipiki ya theluji bila kuambiwa. "Nampeleka kambini kwa babu," akasema. "Kibanda kina jiko, sili wapo. Ndege ikiondoka namrudisha." Nikaenda kumwambia wajina wangu. Nilitegemea anitukane. Hakunitukana. Alisikia habari ya ahadi iliyoyeyuka, akatikisa kichwa polepole kama mtu anayesikia bei aliyoitarajia. Kisha akaanza kukunja blanketi zake za kambini.

"Na mtoto?" nikauliza.

"Mtoto yuko sawa. Hakohoi."

"Naye amepatikana nacho. Wanataka kumpeleka."

Blanketi ikamshuka mikononi. "Mama?" akasema. "Wanamchukua mama?"

Nilitamani nimeze ulimi. Leetia alikuwa analia jikoni, mtoto anamchezea nywele. Jaypeti mlangoni, injini inanguruma nje. Wangeweza kuondoka wote na mtoto pia, na hapo ningekuwa mimi wa kuchagua: mtoto afe kambini kwa homa ya kichwa, au nimkabidhi wajina wangu kwa wale wale. Sikuhitaji kuchagua. Alikwenda mlangoni mwenyewe, akamwambia Jaypeti, "Zima hicho kitu, unachoma mafuta. Mama hasafiri peke yake."

Kesho yake tukakaa zahanati: yeye, Leetia, mtoto, mimi na Trevor. Nikamwambia Trevor kwamba mzee anakubali kwa sharti moja tu, akae pamoja na mtoto. Trevor akasema bila shaka, watapangwa pamoja, mji mmoja, jengo moja. Akanigeukia anitafsirie.

"Sitafsiri," nikasema.

"Samahani?"

"Nilishatafsiri ahadi moja humu ndani, sijaimeza hata leo. Hii mwambie mwenyewe."

"Lakini hajui Kiingereza."

Hata mimi nilijua hivyo. Tangu aliporudi hajawahi kutamka neno la Kiingereza mbele yangu, sikio langu ni shahidi. Dukani anaonyesha kwa kidole. Trevor akakuna shingo, akamwinamia, akasema polepole kama anavyosemeshwa mtoto: utakaa pamoja na mtoto, sawa? Pamoja.

Wajina wangu akakaa wima. Akaweka mikono yote miwili juu ya mapaja, akasema kwa Kiingereza safi, sauti nyembamba isiyo yake, "Ndiyo, nesi. Nitatulia. Nitakuwa mtoto mzuri. Sitalia."

Trevor akatabasamu, akasema vizuri sana. Leetia akanitazama mimi, nami nikatazama sakafu. Kumbe maneno yale aliyabeba miaka yote hiyo, hayakuchakaa hata kidogo, na yeye mwenyewe sidhani kama alijua umri wake alipokuwa anayasema.

Walipanda ndege watatu, Leetia akiwemo, kukiwa na upepo. Mtoto alikuwa mgongoni kwake, kichwa begani. Kwenye ngazi nilimshika mkono, nikamwambia, "Utarudi, wajina."

"Nilirudi hata mara ya kwanza," akasema. "Ila safari hii usimpe mtu jina langu haraka." Akacheka, akashika ubavu, akaingia.

Siku zile sikulala vizuri. Nilipiga simu kusini, nikazungushwa ofisi hii na ile, muziki sikioni. Mwishowe nikampata nesi wa wodi, mama mmoja mwenye sauti ya ukarimu. Akasema bibi anaendelea vizuri, dawa anameza, hana usumbufu wowote. "Sijapata kuona mgonjwa mtulivu kama huyu," akasema. Nikamwuliza mtoto anaendeleaje.

"Mtoto yupi?"

Nikamwambia: kitukuu, Qaunaq, yuko na mama yake Leetia. Akasema watoto hawalazwi hapo. Wana hospitali yao upande mwingine wa mji. Na mgonjwa wa kuambukiza haruhusiwi kutoka chumbani, mtoto naye haruhusiwi kuletwa. Ni utaratibu wa siku zote, akasema, anashangaa hatukuelezwa. Kisha akanipa wajina wangu kwenye simu.

"Wajina," nikasema, "ni mimi."

Nilimsikia akihema. Alizungumza kwa lugha yetu, chini chini, kama anayeogopa kusikiwa. "Wamemchukua mama mlangoni. Nilikuwa nimembeba. Alikuwa ananiita."

"Leetia yuko naye," nikasema. "Hayuko peke yake, wajina, nakuapia, Leetia yuko naye."

"Niambie kitu kimoja tu. Ulijua?"

"Sikujua."

"Wewe unafanya kazi kwao."

"Sikujua, wajina. Naapa sikujua."

Ilikuwa kweli tupu, na nilisikia mwenyewe inavyolia sawasawa na uongo wao. Nikangoja anitukane, anichokoze, aniulize kama wananilipa kwa kichwa. Halafu ikaja ile sauti nyembamba, kwa Kiingereza, kwa adabu.

"Asante sana, nesi," akaniambia, akakata simu.